Kidole Chenye Chungwa

Siku hizi kabati la chakula halina ufunguo. Linasikiliza mita ya kupimia sukari ya damu: mita ikisema sukari ya mgonjwa imepanda, kabati linajifunga, na hakuna kupima tena mpaka mlo unaofuata. Ndiyo sheria.

Ndeshi aliwamenyea wajukuu machungwa ya kwenda nayo shule, kisha akajichoma kidole kwa sindano ya kupimia bila kunawa. Mita ikaonyesha kumi na tisa, sukari ya juu mno. Kabati likajifunga. Alipong'amua kosa lake alinawa kwa sabuni mpaka viganja vikakwaruzika, akarudi kwenye mita. Ikamkatalia.

Sasa mikono ilimtetemeka na jasho lilimtiririka. Dalili hizo alizijua kama njia ya kisimani: sukari ilikuwa imeshuka.

"Aikande! Niombee sukari kwa jirani, mwanangu. Kidole kilikuwa na maji ya chungwa."

"Nawe Mama kwa visingizio! Juzi ulisema ni asali."

"Juzi nilidanganya. Leo niangalie mikono."

"Hiyo ni hamu tu. Na jirani gani atampa sukari mtu wa kumi na tisa? Kabati lake nalo lifungwe?"

Hakusema kwa ubaya. Alimfuta mama yake jasho kwa upindo wa kanga, taratibu, kama anavyofutwa mtoto mwenye homa.

"Tulia, Mama. Dawa inakuja."

Pampu iliyoshonewa chini ya ngozi ya tumbo la Ndeshi ikaanza kunguruma, ikimsukumia insulini ya kushusha kumi na tisa isiyokuwapo.

Ndeshi akakitia kidole mdomoni, akakinyonya kwa nguvu. Kilikuwa na ladha ya sabuni.