Darasa la Tano Lakataa Shikamoo

"Akichekwa tena, harudi," bibi alisema mlangoni pa ofisi, amemshika Nashipai mkono. "Umenisikia, mwalimu? Nitamchukua akachunge ndama."

"Hatachekwa, bibi," alijibu Yuditha, mwalimu mkuu.

Lakini hakuwa na hakika. Siku ya kwanza ya Nashipai katika shule hii ya Handeni, iliyojaa watoto wa wakulima, alisimama kimya mbele ya mwalimu wa darasa, kichwa ameinamisha kama anayesubiri kitu. Ikram, binti wa Mzee Mhina, akapaza sauti: "Jamani, Mmasai hajui hata shikamoo!" Darasa zima likaangua kicheko. Nashipai akatoka mbio, asionekane tena wiki nzima.

Na jana Yuditha alipashwa habari kwamba Ikram ameonekana lamboni, Nashipai anakonyweshea ng'ombe, wawili hao wakibishana na kushikana vichwa. Asubuhi akawaonya Darasa la Tano: "Bibi akiingia, nataka shikamoo iliyonyooka. Atakayeleta mchezo atanitambua!"

Sasa alifungua mlango wa darasa. Watoto wakasimama. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Shikamoo, bibi," Yuditha aliwaanzishia.

Kimya. Hata bibi hakuitikia. Alikuwa akiwatazama watoto, mkono wa mjukuu wake ameukaza.

Ikram akatoka kwenye dawati, akaja mbele, akasimama karibu kabisa na bibi, macho chini.

"Ikram! Msalimie bibi!"

Ikram akazidi kuinamisha kichwa. Nyuma yake akajipanga Shukuru, akaja Faudhia, wakafuata wengine wote. Vichwa vimeinama, hakuna anayemtazama mgeni usoni.

"Hii ndiyo adabu mliyofundishwa kwenu?" Yuditha alifoka. "Bibi, nisamehe. Sijui wameingiwa na nini leo."

Bibi akauachia mkono wa mjukuu wake. Yuditha akajua yamekwisha.

Bibi akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya utosi wa Ikram. Kisha wa Shukuru. Kisha wa Faudhia. Akaenda hivyo taratibu mpaka mwisho wa mstari, ndipo akageuka kumtazama mwalimu mkuu, aliyebaki amesimama wima peke yake.

"Nashipai," akauliza, "na huyu mkubwa wao, mbona hasalimii?"