Mguu wa Kinyonga

Sikudhani alitoka msituni na kinyonga kwenye pindo la kanga, na watu waliokuwa wakimsubiri wakarudi nyuma. Kumgusa kinyonga ni nuksi. Wote walikuwa wakimpiga mawe tangu utotoni, Sikudhani mwenyewe akiwemo.

"Wifi, kwa mikono hiyo usimguse mwanangu," dada wa mumewe alimwambia.

Lakini bwana misitu alikuwa ametamka mbele ya wote: akionekana hata kinyonga mmoja adimu wa pembe tatu akiishi juu ya miti ya kilima hiki, misumeno iliyoletwa kuikata itarudi ilikotoka. Miti ikikatwa, chemchemi itakauka, nao wanakijiji watahamia wapi?

"Huyu hapa, bwana," Sikudhani alisema, akifunua kanga pembe tatu zionekane.

"Umemtoa mti gani, mama?"

"Ule mkubwa, wa chemchemi."

"Ungemwacha hukohuko, uniite. Mtu anaweza kumleta kutoka popote. Haya, mrudishe. Akipanda mwenyewe, nitajua hapa ni kwao."

Wakamfuata hadi kwenye mti. Sikudhani akamweka kwenye gome. Kinyonga akakakamaa, mweusi kama mkaa.

"Panda, baba," alimbembeleza. "Nisamehe yale mawe. Panda."

Nyuma yao msumeno ukawashwa, ukanguruma.

Jicho moja la kinyonga likageukia ngurumo, la pili likabaki kwa Sikudhani. Kisha akainua mguu mmoja, akayumba mbele, akayumba nyuma, na mguu ukabaki hewani.