Maji ya Moto

Eda ya Mwanakombo haijaisha, shemeji yake Hamadi keshalitwaa gari la marehemu. Leo kamleta fundi uani aukunje ukingo wa madigadi kwa ndani, tairi pana zipate kuenea.

"Kwanza tuilainishe rangi kwa maji ya moto," fundi alisema. "Ikiwa baridi itapasuka."

"Shemeji, lete maji!" Hamadi alifoka. "Umekaa tu kama mgeni!"

Maji yalikuwa yanatokota jikoni. Mwanakombo akayatia majani ya chai, akajimiminia kikombe, akaketi kizingitini.

"Maji yamekuwa chai, shemeji."

"Kunja hivyohivyo!" Hamadi akamwamrisha fundi.

Fundi akashusha pumzi, akagonga. Rangi aliyoichagua marehemu ikabanduka magamba. Hamadi alipogeuka, Mwanakombo alikuwa anaipuliza chai yake, ingali inaunguza.