Barafu ya Daktari

Jicho la kulia la Zamda, mpambaji wa maharusi, liliacha kuona asubuhi ya pili tangu apasuliwe kope ili macho yake yavutie. Dada yake, Mwanahawa, alimkimbiza hospitali kubwa, kisha akachukua mfuko wa barafu iliyokwisha kuyeyuka, akaenda nao moja kwa moja kwa daktari aliyempasua.

"Jana nilikupigia mara nne," alisema. "Nikakwambia jicho linavimba, maumivu yanazidi, anaona ukungu. Ulinijibu nini?"

"Dada yangu, tulia. Uvimbe ni kawaida."

"Ulisema niweke barafu! Hospitali kubwa wanasema damu ilimjaa nyuma ya jicho. Angewahiwa jana, angepona."

"Kila upasuaji una hatari zake. Na yeye mwenyewe alitia saini."

"Alitia saini akiwa na macho mawili!"

Akaupasua mfuko pale pale mezani. Maji yakatapakaa juu ya picha za macho mazuri, yakachuruzika hadi mapajani mwa daktari.

Zamda bado ni mpambaji wa maharusi. Siku hizi, kabla ya kumtia bi harusi wanja, humgusa kwanza shavu kwa kidole kidogo, apate kujua uso uko umbali gani.