Kitabu cha Tatu cha Mlinzi wa Madaraja

"Rudia hapo," alisema Mkaguzi. "Hapo kwenye mto."

Mkewe akarudia: "Mto ulipita chini ya daraja taratibu. Ulikuwa umeona kila kitu, wala haukuwa na haraka ya kusema."

"Ah!" Mkaguzi alijipiga paja. "Huyo ndiye mwandishi! Miaka saba katuweka roho juu, lakini kalamu yake haijachuja."

Alikuwa amelala chali, macho yote mawili yamefungwa bendeji tangu apasuliwe. Vitabu viwili vya kwanza alivisoma garini, katika safari zake za kukagua mizani ya masoko ya mbali. Hiki cha tatu, cha mwisho, alikuwa amekiagiza kwa muuza vitabu, halafu macho yakamgeuka. Basi mkewe, mshona nguo ambaye hakuwahi kumaliza hata gazeti, alipompa kitabu kizito akipapase na kusema, "Haya, baba watoto, tega sikio," Mkaguzi alitaka kulia, akakumbuka daktari kamkataza.

Kila alasiri cherehani ilinyamaza, mke akasoma. Mlinzi wa Madaraja, shujaa aliyepigana na majitu bila kurudi nyuma, sasa alikuwa mtu wa safari. Kila mwezi alimuaga mkewe, eti anakwenda kukagua daraja la juu mtoni. Daraja hilo lilikwisha kubomoka zamani.

"Sasa anakwenda wapi?" aliuliza Mkaguzi.

"Kwa mchawi wa ziwani." Ukurasa ukafunuliwa. "Alirudi na joho linalonukia mawaridi. Mkewe akalifua bila neno. Maji yalibadilika rangi, uso wake haukubadilika."

Mkaguzi alikohoa. Aliomba maji.

"Niruke hapa?"

"Uruke kwa nini? Soma." Alikunywa, akafuta mdomo. "Ila mwandishi huyu kanisaliti. Shujaa niliyempenda miaka yote, leo anamfanya mhuni?"

"Labda alikuwa hivyohivyo tangu kitabu cha kwanza. Hatukusoma vizuri."

"Wewe hukusoma kabisa!"

"Kweli," alisema mkewe, akacheka kidogo.

Siku ya sura ya mwisho sauti yake ilikuwa kavu. Mke wa Mlinzi alikunja nguo zake zote. Alimpikia mumewe chakula cha kutosha, akangoja apitiwe na usingizi, akavuka daraja. Hakugeuka nyuma.

"Ndiyo mwisho?" Mkaguzi alifoka. "Majitu je? Taji je? Kitabu gani hiki, kinaisha shujaa anakoroma?"

"Ndivyo kinavyoisha. Lala, mume wangu."

Alilala na hasira zake, akiapa kumwandikia mwandishi barua ya kumtoa jasho.

Asubuhi mlango uligongwa.

"Mama watoto, mlango!"

Ukagongwa tena. Aliita mara ya pili, kisha akainuka mwenyewe, akapapasa ukuta hadi kwenye kitasa.

"Shikamoo, mzee. Pole na macho." Ilikuwa sauti ya muuza vitabu. "Unisamehe sana, mzigo ulikwama njiani. Kitabu chako cha tatu ndiyo kwanza kimefika leo. Hapa mjini hakuna aliyekisoma, wewe ndiye utakuwa wa kwanza."