Namba 57

Mlango wenye namba 57 ya chaki ulikuwa na kufuli kwa mara ya tatu wiki hiyo. Hidaya, mdadisi wa utafiti wa nguvukazi, aliandika saa aliyofika. Kesho adhuhuri madodoso yote yangerudishwa, na kaya hii ingebaki tupu.

"Niandike mimi, mwanangu," alisema jirani, Mzee Chande, akiwa barazani kwake. "Kila ukija unanikuta."

"Ndiyo maana siwezi, babu. Nikiandika wanaopatikana nyumbani tu, taifa litaambiwa mtaa huu mzima umekaa barazani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, huyo Kuruthumu wa mlango huo huondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Utaweza kuamka?"

Aliweza. Kuruthumu alipofungua mlango, tita la kuni likiwa kichwani, alimkuta Hidaya amesimama na tochi.

"Sina nafasi ya kukaa, dada. Tanuri la mikate linaningoja."

"Basi tutembee."

Wakaenda bega kwa bega. Hidaya alimulika dodoso na kusoma swali la kwanza neno kwa neno, kama alivyowasomea wengine wote: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata kwa saa moja tu?"

Kuruthumu alisimama kuona kama anataniwa. Hidaya hakutabasamu, penseli ilikuwa imetulia juu ya karatasi.

Kuruthumu akaanza kutaja kazi zake kwa vidole. Alimaliza mkono mmoja, akahamia wa pili, na kona ya kwanza ilikuwa bado mbele yao.