Fundo la Ndeshi

"Hivi wewe Ndeshi, mwanao ana ndevu, bado unamfunga viatu?" jirani aliwahi kumuuliza.

"Nalikaza fundo kwa sala," alimjibu, "na akirudi nalifungua mwenyewe."

Mchana ule Kaanaeli, kiongozi wa wapanda mlima, aliingia na vile viatu vipana vya kutembelea kwenye theluji, vya Elingaya, mwana wa Ndeshi, akaviweka mezani.

"Pole, mama. Dhoruba ilitukuta kule juu. Elingaya alichoka, akavivua mwenyewe, akaniambia nitangulie."

"Alivivua mwenyewe?"

"Haki ya Mungu."

"Usimtaje Mungu nyumbani kwangu!"

Ndeshi aliviinua. Mafundo yake yalikuwa bado yamekazwa vilevile. Kando yake, kamba za ngozi zilikuwa zimekatwa kwa kisu.

"Alikuwa hai ulipomvua?"

Kaanaeli akatazama sakafu. "Vyangu vilivunjika, mama. Nina watoto wanne."

"Na mimi nina mmoja."

Akaketi kizingitini, akaziunga zile kamba, akavifunga viatu miguuni mwake, fundo juu ya fundo, huku akisali kwa meno yaliyoumana. Kisha akajitwika blanketi la Elingaya begani, akashika njia ya mlimani.